Siku Bi Noreen Alipoinyima Askerdale Chai

Kwa miaka thelathini na mmoja Noreen Sowerby alikuwa mwanachama wa chama chake katika mji wa Askerdale, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunyoosha mkono mkutanoni akasema neno. Siku ya kwanza aliingia ukumbini na kadi mpya mfukoni na hotuba nzima kichwani kuhusu shule iliyokuwa karibu kufungwa. Mwenyekiti wa enzi hizo alimtazama juu mpaka chini, akamwuliza, "Dada, unajua kutengeneza chai?" Noreen akajibu ndiyo. Ndiyo hiyo moja ikamweka jikoni hadi nywele zikawa nyeupe.

Hakulalamika. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mfupi, mpana, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, na jiko lolote aliloingia likawa lake. Jiko la ukumbi wa chama lilikuwa dogo, lenye birika la umeme linalochukua vikombe themanini na kidirisha cha kupitishia vyakula, chenye kifuniko cha mbao cha kupandisha na kushusha. Ilipofika saa tisa u nusu, Noreen alipandisha kifuniko, na mkutano ukasimama hapo hapo, awe anasema nani. Mwenyekiti mmoja alikatwa katikati ya neno "ushindi", akalimalizia mkutano uliofuata.

Kuna jambo moja ambalo wanasiasa wa Askerdale hawakulijua kamwe: mtu anayemimina chai ana masikio. Wote walikuja jikoni kunong'ona, wakiamini wako faraghani.

Nao walikuwa na mengi ya kunong'ona, maana chama hapo mjini kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Ukumbi ule ulikuwa na hita moja tu ya kuleta joto, ukutani upande wa kushoto. Waliomuunga mkono mbunge walizoea kuwahi na kukaa hapo, wakaitwa watu wa Hita. Waliompinga walikaa upande wa pili penye upepo, wakaitwa watu wa Mlangoni. Watu wa Hita waliongozwa na mwenyekiti, diwani Trevor Birkin, muuza mazulia. Wa Mlangoni waliongozwa na Malcolm Oddy, tarishi wa posta mstaafu aliyeutamani ubunge tangu alipokuwa bado anabeba mkoba. Katikati ya ukumbi palibaki njia ambayo hakuna aliyeweka kiti.

Mbunge mwenyewe aliitwa Desmond Claverley, na alikuwa pia waziri wa barabara. Alikuwa mtu wa kupendeka, hilo tusimnyime. Alikumbuka majina ya mbwa wa watu. Alipofika ukumbini alianzia jikoni, akambusu Noreen shavuni na kudai kikombe chake. Kilikuwa kikombe kizito cha kauri chenye mstari wa bluu, ambacho Noreen alikitenga kwa ajili yake peke yake. Kilikuwa na pengo kwenye kitako, kwa sababu siku moja kiligonga sinki. Na kuna zaidi. Mume wa Noreen, Ken, dereva wa basi mstaafu, alipokaa miezi kumi na minne akisubiri kupasuliwa nyonga, ni Claverley aliyeandika barua hospitalini. Wiki tatu baadaye Ken alikuwa anatembea. Noreen hakuisahau barua ile.

Barua iliyoleta balaa ilikuwa nyingine.

Jumamosi moja ya Oktoba, Claverley alikuwa ukumbini kusikiliza shida za wananchi. Katikati ya shughuli aliingia jikoni na karatasi mkononi, nyuma yake akifuatwa na Hilary Crabtree, karani wa ofisi yake kwa miaka kumi na minne, mwanamke mkimya mwenye miwani ya kamba.

"Mheshimiwa, usiisaini hii," Hilary alisema. "Huyu mwenye machimbo ya kokoto ni rafiki yako, na wizara ni yako. Zabuni haijafunguliwa hata. Itakuharibia."

"Hilary, kazi yako ni kupiga chapa," Claverley alijibu, akaitandaza karatasi kwenye ubao wa kidirisha, akasaini, akatua kikombe chake juu yake huku akitafuta bahasha.

Noreen alikuwa anapanga biskuti. Alisikia yote. Akaendelea kupanga biskuti.

Januari barua ikatoka gazetini, picha nzima, ukurasa wa kwanza: waziri amwombea rafiki yake kazi ya serikali. Chini ya saini palikuwa na duara la kahawia la kikombe. Watu walicheka, wakasema hata waandishi wa habari hawana adabu na karatasi za watu. Jioni Claverley akatokea kwenye televisheni na uso wa msiba. Alisema hajawahi kuiona barua hiyo. Karani mmoja mwenye bidii iliyopita kiasi aliiandika mwenyewe ofisini na kuipiga muhuri wa saini. Karani huyo ameshaachishwa kazi.

Ndivyo walivyo wakubwa wa aina hii. Sifa zikitokea, mkono ni wao. Kosa likitokea, mkono ni wa mtu anayelipwa mshahara mdogo.

Huko London hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza zaidi, maana chama kilikuwa kinajitafuna chenyewe. Wabunge walikuwa wanaandika barua za kumtaka kiongozi wao aondoke, wenzao wanaandika barua za kuwataka walioandika barua waondoke. Mawaziri watatu walijiuzulu Jumatatu. Kufikia Alhamisi wawili walikuwa wamerudi, mmoja na cheo kikubwa zaidi.

"Afadhali basi langu," Ken alisema akitazama taarifa ya habari. "Aliyeshuka ameshuka."

Hilary alianza kuja kwa Noreen siku za Jumanne. Alikuwa ameomba kazi sehemu tisa. Walipoona jina lake, walimwambia nafasi imejaa. Duka la mikate lilimwambia imejaa na tangazo bado liko kioo cha mbele. Alikunywa chai, akasifu keki, akaenda zake. Hakumwuliza Noreen, "Wewe si ulikuwepo?" Hakuuliza hata mara moja, na hilo ndilo lililomchoma Noreen kuliko kama angeuliza.

"Unanuna nini?" Ken alimwuliza Jumanne moja, Hilary akiwa ndiyo kwanza ametoka.

"Yule mtu alikupa nyonga, Ken."

"Nyonga alinipa daktari. Claverley alinipa stempu." Akapinda gazeti lake. "Lakini mdomo ni wako, mpenzi. Mimi sijawahi kuuendesha, na nimeendesha basi la futi arobaini."

Mkutano mkuu wa mwaka ulipangwa Jumamosi ya mwisho ya Februari, saa nane mchana. Malcolm Oddy alikuwa amepeleka hoja: wanachama wa Askerdale wamtake mbunge wao aseme ukweli juu ya barua na amsafishe Hilary Crabtree jina, la sivyo wasimsimamishe tena kugombea. Hoja ikipita, hata London ingelazimika kusikia. Ikianguka, Hilary angebaki na doa lile hadi kaburini.

Saa saba na nusu Trevor Birkin aliingia jikoni na katibu wake, wakafunga mlango.

"Nimeandaa marekebisho kumi na mawili," Trevor alinong'ona, huku akijichukulia biskuti. "Tunayajadili moja moja, neno kwa neno. Basi la mwisho la vijiji vya juu linaondoka saa kumi na moja na robo. Wazee wa kule karibu wote wako na Oddy. Wakishaondoka, tunapiga kura."

"Na wakigundua?"

"Wagundue nini? Demokrasia ni uvumilivu, ndugu yangu. Bi Noreen, hizi za tangawizi ni tamu kweli."

"Chukua na nyingine, diwani," Noreen alisema.

Dakika kumi baadaye akaja Malcolm na wenzake wawili, wakafunga mlango ule ule.

"Hilary ni zawadi kutoka mbinguni," Malcolm alisema akisugua viganja. "Miaka sita namtafuta Claverley, leo kajileta. Tukishinda au tukishindwa, gazeti litaandika jina langu."

Noreen alikuwa anakata pai ya nyama na viazi. Kisu kilisimama. Hapo ndipo alipoona jambo kwa uwazi wa ajabu: ukumbi mzima ule ulikuwa na watu sitini na watatu, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyekuja kwa ajili ya Hilary. Hilary mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa nyuma kabisa, na koti lake hajalivua.

Mkutano ulianza. Claverley alikaa mbele, miguu ameikunja, anatabasamu. Trevor akasoma rekebisho la kwanza: neno "kumtaka" libadilishwe liwe "kumwomba". Likajadiliwa dakika ishirini na tano. La pili: "kumwomba" lirudi kuwa "kumtaka", lakini pawekwe "kwa heshima". Watu wa Mlangoni wakapiga kelele. Malcolm akasimama na hoja ya utaratibu, akaipenda sauti yake mwenyewe, akakaa nayo robo saa.

Saa tisa u nusu ikafika. Vichwa sitini na vitatu vikageukia kidirisha.

Kidirisha hakikufunguka.

Watu walitazama saa ya ukutani, kisha za mikononi. Harufu ya pai ilikuwa imeshapenya kila mahali. Trevor akaanza rekebisho la tatu, lakini hakuna aliyemsikiliza. Walikuwa kama waumini waliosubiri kengele na kengele haikulia. Saa tisa na dakika arobaini Trevor akashuka jukwaani, akagonga mbao kwa kidole.

"Bi Noreen? Kuna tatizo la umeme?"

"Umeme upo, diwani," sauti ikajibu kutoka ndani. "Chai imeiva, pai imeiva."

"Basi fungua, mama."

"Itatoka kura ikishapigwa."

 Halafu mtu mmoja upande wa Mlangoni akaangua kicheko, na kicheko kikaruka njia ya katikati kikaingia mpaka Hita.

"Hiyo si halali!" Trevor alisema, masikio yamemwiva. "Katiba ya chama..."

"Katiba ya chama haisemi kitu juu ya chai. Nimeisoma. Ndiyo niliyotandika kwenye droo ya vijiko."

"Bado tuna marekebisho tisa!"

Ndipo aliposimama Bi Enid Wagstaff. Alikuwa na miaka themanini na minne, wa kwanza kabisa kwenye hita, na picha ya Claverley alikuwa nayo sebuleni kwake kando ya ile ya marehemu mumewe.

"Trevor," alisema, akiegemea fimbo, "mimi Desmond nampenda kama mwanangu. Lakini chai naipenda zaidi. Meza hayo makaratasi yako upige kura."

"Kura! Kura!" Pande zote mbili sasa zilikuwa zinaita, na hakuna aliyeweza kukumbuka mara ya mwisho walipoitikia neno moja.

Claverley akaona mambo yanamponyoka. Akainuka na tabasamu lake, akaenda kwenye kidirisha, akainama kama anazungumza na mtoto aliyejifungia chumbani. "Noreen, mpenzi wangu. Hata mimi? Hata kikombe changu?"

Kifuniko kikapanda kidogo, nusu tu. "Chako kipo, Mheshimiwa," Noreen alisema. Akakijaza mpaka kikafurika, akakisukuma nje kikiwa kinadondosha.

Claverley akakipokea, akakinyanyua kuwaonyesha watu kama kombe la mpira. Watu wakacheka. Akanywa mafunda mawili, akarudi kwenye kiti chake, na kama ilivyo tabia yake, akakitua juu ya karatasi iliyokuwa karibu. Ilikuwa ratiba ya mkutano.

Kifuniko kikapanda mpaka juu. Noreen alisimama pale na aproni yake, uso umejaa wekundu wa mvuke. Miaka thelathini na mmoja aliwaona watu hawa kupitia tundu lile, wao wakiona vikombe tu.

"Mwenyekiti," alisema.  Akanyoosha mkono, kama alivyoona wengine wanavyofanya, na kitambaa cha vyombo kikiwa bado kiganjani. "Naomba kusema."

Trevor akafungua mdomo. Bi Enid akagonga fimbo sakafuni. Trevor akafunga mdomo.

"Mheshimiwa, inua kikombe."

Claverley akakiinua, bado anatabasamu, hajui kwa nini. Kwenye karatasi palibaki duara la kahawia lenye pengo upande mmoja, kama biskuti iliyoumwa. Noreen akatoa mfukoni kipande cha gazeti, kimekunjwa mara nne, akakipitisha kidirishani kwa Bi Enid, aliyekuwa amesogea mbele. Bi Enid akavaa miwani. Akatazama gazeti, akatazama ratiba. Akatazama tena gazeti.

"Pengo lile lile," alisema taratibu.

"Kikombe hicho hanywei mtu mwingine," Noreen alisema, kwa sauti ile ya kuwaita watoto mia mbili wapange foleni. "Wote mnajua. Mwaka juzi Trevor alikigusa nikamchapa na mwiko. Barua ile ilisainiwa hapa, kwenye ubao huu, Jumamosi ya Oktoba. Hilary alimwambia, Mheshimiwa, usiisaini. Akajibiwa kazi yake ni kupiga chapa. Nilikuwa hapa. Nilisikia, nikanyamaza, nikapanga biskuti. Hilary, mwanangu, unisamehe kwa zile biskuti."

Hilary, huko nyuma, alikuwa amevua miwani na anaifuta, anaifuta.

"Noreen," Claverley alisema. Tabasamu lilikuwa limekwenda. Akashusha sauti, lakini hata kule Mlangoni walisikia. "Nilimwandikia Ken barua."

"Uliandika, na Mungu akubariki kwa hiyo. Barua ya Ken uliikiri, Desmond, mpaka ukaiweka kwenye kipeperushi cha uchaguzi. Ikiri na hii."

Hakuna aliyepiga makofi. Kilikuwa kitu kizito kuliko makofi. Trevor akatazama marekebisho yake tisa, akayakunja, akayatia ndani ya koti. Kisha akaita kura.

Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Bi Enid Wagstaff. Halafu ikainuka mikono ya Mlangoni, halafu ya Hita, mmoja mmoja, kama watu wanaojaribu maji ya baridi kwa vidole vya miguu. Hamsini na sita walisema ndiyo. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika tano. Basi la vijiji vya juu lilikuwa bado halijafika hata kituo cha kwanza.

"Haya," Noreen alisema. "Pangeni foleni. Pai kwanza kwa waliokaa penye upepo."

Claverley hakungoja pai. Jumatatu iliyofuata alitoa tamko la mistari minne, akisema kumbukumbu yake "imerejea" na kwamba Bi Crabtree hakuwa na kosa lolote. Alijiuzulu uwaziri siku hiyo hiyo. London hawakushtuka sana. Alikuwa waziri wa pili kujiuzulu kabla ya chakula cha mchana. Lakini duka la mikate la Askerdale lilimpigia Hilary simu jioni. Akawaambia asante, nafasi imejaa: shule moja ya mjini ilikuwa imeshamchukua awe mhasibu wake.

Siku ile ile ya mkutano, kabla pai haijaisha, Malcolm Oddy alikuja kidirishani na mikono imefunguka. "Bi Noreen! Shujaa wetu! Umetushindia!"

"Sikukushindia wewe, Malcolm," Noreen alimjibu, akimwekea kipande kidogo kuliko vyote. "Wewe ulimwita mtu zawadi. Nenda ukamwombe radhi, amekaa pale nyuma. Kisha urudi nikuwekee njegere juu ya pai."

Malcolm akaenda. Ilimchukua muda, lakini akaenda.

Mkutano wa Machi, Noreen alifika ukumbini bila aproni. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu. Akachukua kiti, akakiweka katikati kabisa, kwenye ile njia ambayo hakuna aliyeweka kiti kwa miaka sita, akaketi. Hilary akaleta chake, akakiweka kando yake. Bi Enid akalalamika kwamba yuko mbali na joto, kisha naye akasogea.

"Bi Noreen," Trevor aliuliza kwa wasiwasi, "na chai?"

"Nina hoja kuhusu shule ya mtaa wa mfereji," Noreen alisema. "Nimekaa nayo miaka thelathini na mmoja. Ile shule yenyewe wameshaigeuza maduka ya nguo, lakini kuna nyingine wanayotaka kuifunga. Chai tengenezeni nyinyi. Wewe na Malcolm. Majani kijiko kimoja kwa kila mtu na kimoja cha birika."

Kutoka jikoni ilisikika ndoo ikianguka, kisha sauti mbili zinabishana kama maziwa yanatangulia au yanafuata. Saa tisa u nusu kidirisha hakikufunguka. Saa tisa na dakika hamsini kikapanda, kikakwama njiani, na uso wa Trevor ukatokea chini yake, umelowa jasho.

"Marekebisho," alisema. "Kutakuwa na maji ya moto na biskuti."

Noreen hakumsikia. Alikuwa amesimama, mkono juu, na alikuwa bado hajafika hata katikati ya hotuba yake.